Akimaliza kula anakimbilia bafuni

Shangazi, naishi na mdogo wangu wa miaka 21, yuko chuo. Kila baada ya chakula cha usiku anaingia bafuni, anafungulia bomba, akitoka macho mekundu. Mara mbili nimeamka nikakuta kiporo cha wali kimekwanguliwa sufuriani na mkate mzima umeisha. Mama anasema vidonda vya tumbo, jirani anasema mimba. Lakini hajakonda, tena mashavu yamejaa. Nifanyeje?
Dada Mtu, Tanga

Dada Mtu, hayo mashavu yasikupe moyo. Anayejitapisha mara kwa mara huvimba tezi za mate, zile za chini ya sikio, kwenye kona ya taya. Watu wanamsifu kanawiri. Yeye kwenye kioo anaona kanenepa, anazidi kujitapisha.

Uliyoeleza yanaelekea kwenye ugonjwa wa bulimia: kula chakula kingi mno kwa muda mfupi, kwa siri, bila kuweza kujizuia, kisha kukitoa kwa kutapika au kuharisha, au kujinyima siku nzima. Daktari huupa jina hilo yakitokea walau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Wengi wana uzito wa kawaida, kwa hiyo mizani iache.

Tazama mkono wake. Juu ya vifundo vya vidole huota sugu au michubuko, pale meno yanapokwaruza akivitia kooni. Kisha meno ya juu ya mbele, upande unaoguswa na ulimi: asidi ya tumbo hulila tabaka gumu, jino likabaki jembamba na la manjano, chai ya moto ikamchoma. Usimkague kama mbuzi wa mnadani, akicheka utaona. Ukikosa dalili hizo usitulie, si kila mgonjwa anazo.

Angalia pia kama anatumia sanamaki au zile chai za kupunguza tumbo. Dawa ya kuharisha hufanya kazi utumbo mpana, chakula kikiwa kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na chumvi. Akiacha siku mbili mwili unashika maji, miguu inavimba, mizani inapanda, naye anaongeza dozi.

Ninachokiogopa zaidi ni potasiamu, madini yanayoufanya moyo upige kwa mpangilio. Kwenye damu iwe kati ya milimoli 3.5 na 5 kwa lita. Ikishuka sana moyo waweza kusimama hata kwa binti anayeonekana mzima. Wiki hii hii apimwe chumvichumvi za damu, figo na ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Mimba nayo ipimwe, jirani apate jibu lake. Daktari aambiwe wazi kwamba anajitapisha, maana akisikia "tumbo" tu atawapa dawa ya vidonda na mtarudi nyumbani. Akizimia, moyo ukidunda ovyo, akilegea misuli au akitapika damu, mpeleke saa hiyo hiyo.

Usimwambie mezani wala anapotoka bafuni. Tafuta wakati mko wawili: "Mdogo wangu, nasikia unatapika usiku. Sina hasira. Twende tukapime damu." Jikoni usitie kufuli, utamfundisha kujificha vizuri zaidi. Na umbo lake usilitaje, hata kwa sifa.

Ule ulaji wa usiku mara nyingi huanzia kwenye njaa ya mchana. Ale milo mitatu na vitafunio mara mbili, pengo kati ya mlo na mlo lisizidi masaa manne: chai na chapati asubuhi, ndizi na karanga saa nne, na kuendelea. Baada ya mlo kaa naye saa nzima, mkitazama tamthilia au mkisukana. Akitapika asukutue kwa maji, asipige mswaki papo hapo. Asidi imelainisha jino na mswaki utalikwangua. Asubiri walau nusu saa.

Tiba yenyewe ni mazungumzo na mwanasaikolojia, kwa kawaida vikao kama 20, na daktari anaweza kuongeza fluoxetine, dawa ya sonona inayotumika pia kwa bulimia. Hospitali ya rufaa ya mkoa ulizia kitengo cha afya ya akili. Kama huwa anafunga sunna Jumatatu na Alhamisi, asimamishe kwanza. Mgonjwa ana ruhusa. Mama mwambie majibu ya damu yakishatoka, na mdogo wako awe amekubali.