Kupangiwa uuguzi ulipoomba udaktari: usikimbilie kurudia mtihani

Pole mdogo wangu, naelewa inavyouma. Unasema umemaliza PCB (fizikia, kemia na biolojia), MD (shahada ya udaktari) umeikosa, umechaguliwa shahada ya uuguzi, na nyumbani wanakushauri urudie mtihani wa kidato cha sita. Mimi nasema nenda kasome, mradi tu moyo wako haukatai kumhudumia mgonjwa kwa mikono yako mwenyewe. Kama unakataa, hapo kweli subiri.

Uuguzi si udaktari mdogo. Utasoma anatomia (maumbile ya mwili), fiziolojia (jinsi mwili unavyofanya kazi) na famakolojia (elimu ya dawa), miaka minne, kisha mwaka wa mafunzo kwa vitendo kabla ya leseni ya kudumu. MD ni mitano, nayo ina mwaka wake wa intani. Ukifika wodi ya wazazi usiku ndipo utaelewa: daktari wa zamu yuko chumba cha upasuaji, wewe ndiye unayejaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama, unasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa. Kwenye chati hiyo, mstari wa kufunguka kwa mlango wa kizazi ukivuka ule wa tahadhari, yaani uchungu unakwenda polepole mno, ni wewe unayempigia daktari simu. Mama na mtoto wanakutegemea wewe. Ukitaka kuendelea, MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, wana shahada za uzamili za uuguzi na ukunga.

Kuhusu mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Lianze hilo leo, maana wengi hukwama hapo. Halafu thibitisha nafasi yako kabla dirisha la kuthibitisha halijafungwa.