Kutoka Virago 250: Drag Star 650 au Vulcan 900?

Sheikh, umeuliza uiache Virago 250 yako uchukue pikipiki gani kubwa zaidi, Drag Star 650 ya Yamaha au Vulcan 900 ya Kawasaki; kama umekwama kati ya hizo mbili na wasiwasi wako ni spea, chukua Drag Star. Vulcan si mbaya, barabara ndefu imetulia zaidi, ila tairi la nyuma linavutwa na mkanda, na siku ukikatika hapa Unguja utakaa ukiusubiri uvushwe. Drag Star ina shafti, yaani chuma kinachozungusha tairi la nyuma. Hakuna cheni wala mkanda, unabadilisha oili ya gia ya nyuma tu. Injini inapozwa kwa hewa, kabureta mbili, fundi mwenye subira pale Mwanakwerekwe hazimshindi.

Vifaa vya kuongezea usivitafute kwa jina tu. Marekani Drag Star hiyo hiyo iliuzwa kama V Star 650, kwa hiyo andika namba ya modeli, XVS650, halafu useme ni toleo la Custom au Classic. Custom mbele ina rimu ya inchi 19, Classic 16, na madigadi hayaingiliani. Muuzaji asiyekuuliza hilo, mkimbie! Ukitaka vishikio vipya, pima kwanza unene wa usukani: kuna wa milimita 22 na wa 25.

Mifuko ya pembeni usiagize. Washonaji wa viti vya gari wanaishona vizuri. Wewe nunua vyuma vya kuizuia isiguse tairi.

Ekzosi ya kuongezea ya kromu ya bei rahisi iache, chumvi ya pwani inaitafuna. Tafuta isiyoshika kutu, hata kama itabidi ungoje kidogo.