Bibi amenipa sanduku la nyimbo za Kifini, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Mzee. Niko Duluth, Minnesota, namtunza bibi wa miaka 91 ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Ufini. Juzi amenikabidhi sanduku lenye santuri nzito 23, kaseti moja ambayo mama yake anaimba, na kinanda cha nyuzi 5 anachokiita kantele. Wajukuu hawajui Kifini. Bibi anasema niuze, au nitupe. Roho inaniuma. Nianzie wapi?
– Mtunza wazee, Duluth

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiuze wala usitupe. Zungumza kwanza na wanawe, wakuandikie kwamba wameridhia. Mali ya mzee ikitoka nyumbani kimyakimya huleta maneno.

Kisha anza na kaseti. Santuri zilitoka kiwandani, na nakala zake nyingine zipo kwa watu wengine. Ukikuta jina la Viola Turpeinen, binti wa Michigan aliyeanza kurekodi kodiani yake mwaka 1928, au la Hiski Salomaa, fundi cherehani aliyeacha nyimbo 18, jua hao wameshahifadhiwa. Sauti ya yule mama iko kwenye utepe huo mmoja tu. Usiijaribu kwenye redio kuukuu, itautafuna. Mpelekee fundi aihamishie kwenye kompyuta.

Santuri zisimamishe wima, mbali na joto, uzishike ukingoni. Usizifute kwa spiriti hata tone: zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti huiyeyusha. Na sindano ya santuri za kisasa haizifai, ni nyembamba mno kwa mifereji yake.

Mwisho wa safari yake sanduku linaweza kwenda Hancock, Michigan, kwenye kituo cha urithi wa Wafini wa Marekani. Chuo kikuu kilichokilea kilifungwa 2023, lakini shirika la Finlandia Foundation likakichukua kituo, na nyaraka zikabaki. Piga simu uulize kabla ya kutuma.

Lakini hayo yote yanaweza kusubiri. Bibi hawezi. Baba yangu aliniachia kanuni, kile kinanda cha nyuzi alichopigia taarabu, na kila uzi wake naujua. Kuna wimbo aliokuwa akimpigia mama jioni, baada ya isha. Sikumrekodi. Nina kanuni, wimbo sina, na hakuna duka ninaloweza kwenda kuutafuta.

Kwa hiyo kaa naye. Mshikishe santuri moja moja, umwulize: hii mliichezea wapi? Wafini wa huko, wachimba madini na wakata magogo, walijenga kumbi zao, za wafanyakazi na za walioapa kuacha pombe, na wengine dini yao iliwakataza dansi kabisa. Mwulize kwao walikuwa upande gani. Majina ya nyimbo mwache ayatamke mwenyewe kwa Kifini, kisha akueleze maana yake.

Kantele mrudishie. Ni ndugu wa kanuni yetu, nayo huwekwa mapajani ikapigwa kwa vidole. Usiikaze nyuzi, ubao mkavu hupasuka. Ipokee kwa sauti iliyonayo. Vidole vyake huenda vinatetemeka, asiweze zaidi ya noti tatu. Simu iweke karibu, na uiache irekodi hata akinyamaza.