Maswali ya Wasomaji: Wasia wa muungwana wa Kiingereza

Katika toleo lililopita tuligusia wasia wa William Shakespeare wa Machi 25, 1616, mwezi mmoja kabla hajafa. Mkewe ametajwa humo mara moja tu, aachiwe kitanda cha pili kwa ubora pamoja na vifaa vyake. Barua zimetufikia kwa wingi, nyingine zikiwa na hasira. Tumechagua zile zinazofungua mlango wa habari yenyewe: matajiri wa Uingereza ya zamani waligawaje mali zao?

Mtu mwenye nyumba kubwa na mashamba amwachie mke kitanda? Huko si kumdhulumu mjane? (Msomaji, Tanga)

Dada yetu, wasia peke yake hauwezi kukujibu. Karatasi ile ilibeba sehemu tu ya mali. Sheria ya Uingereza iliipasua mali ya marehemu mapande mawili. Huku ardhi na majumba. Huku kila kinachohamishika: fedha, vyombo, mifugo, nafaka, madeni aliyokuwa akiwadai watu, hata nyumba aliyokodi kwa miaka mingi. Kila pande lilikuwa na sheria yake, korti yake, na mara nyingi mrithi wake. Tena mengi yalikuwa yamekwisha kugawanywa kwenye mkataba wa ndoa, miaka mingi kabla bwana hajalala kitandani na kumwita karani.

Mjane alikuwa na theluthi yake: haki ya kutumia theluthi moja ya ardhi aliyoimiliki mumewe wakati wa ndoa, mpaka siku ya kufa kwake. Haki hiyo ilitoka kwenye sheria, si kwenye wasia, na mume hakuweza kuifuta kwa kalamu. Kwa hiyo kutoandikwa kwake hakumaanishi kwamba mke alinyimwa. Mume aliyetaka kuikwepa alifanya hivyo wakati wa kununua: aliingiza kwenye hati wadhamini, yaani watu wa kuishika mali pamoja naye kwa niaba yake. Shakespeare aliponunua nyumba ya lango la Blackfriars, London, mwaka 1613 kwa pauni 140, hati iliwataja wanunuzi wanne, watatu wakiwa wadhamini tu, na nyumba ile ikatoka nje ya theluthi ya mkewe Anne. Ukitaka kumshuku, mshuku kwa hati hiyo, si kwa kitanda. Kitanda chenye godoro la manyoya, mito, mablanketi na mapazia yake kilikuwa miongoni mwa vitu vya thamani kubwa kabisa ndani ya nyumba.

Katika koo tajiri zaidi, hasa baada ya sheria ya 1536, theluthi hiyo ilibadilishwa kwa posho iliyopangwa kabla ya harusi. Mwishoni mwa karne ya 17 kipimo cha kawaida kilikuwa pauni 100 kwa mwaka kwa kila pauni 1,000 ambazo baba wa bibi harusi alitoa. Akikubali posho hiyo kwenye mkataba, mke hakuweza tena kudai theluthi.

Sisi Waislamu tunajua wasia hauzidi theluthi ya mali, na mengine yana wenyewe. Waingereza je, bwana aliweza kumpa amtakaye kila kitu? (Msomaji, Unguja)

Hapo zamani hapana. Kwa mali inayohamishika, katika jiji la London, katika jimbo la askofu mkuu wa York na huko Wales, ilikuwako desturi ambayo msomaji wetu ataitambua upesi: theluthi ya mke, theluthi ya watoto, na theluthi ya mwisho iliyoitwa fungu la marehemu. Fungu hilo tu ndilo aliloweza kuliandikia wasia. Desturi ilikufa kwa vipande: York kuanzia 1692, Wales 1696, London 1725. Asiyeacha wasia, kuanzia 1670 sheria iligawa mali yake inayohamishika: theluthi kwa mjane na zinazobaki kwa watoto; kama hakuna watoto, mjane alichukua nusu.

Ardhi ilikuwa habari nyingine kabisa. Kabla ya 1540, sheria ya jumla haikukubali ardhi irithishwe kwa wasia. Ilikwenda kwa mwana wa kwanza wa kiume. Huko Kent iligawanywa sawa kwa wana wote wa kiume, na katika baadhi ya miji alichukua kitinda mimba. Sheria ya 1540 ya Mfalme Henry wa Nane iliruhusu wasia wa ardhi, ila aliyeishikilia kwa masharti ya utumishi wa kivita aliweza kurithisha theluthi mbili tu. Masharti hayo yalifutwa mwaka 1660, na ardhi yote ya namna hiyo ikawa huru kurithishwa.

Ajabu ni kwamba uhuru ulipopatikana, matajiri wenyewe waliufunga. Mawakili wa katikati ya karne ya 17 walibuni mkataba wa ukoo. Bwana arusi anapewa ardhi aitumie kwa uhai wake tu. Baada yake inakwenda kwa mwanawe wa kwanza wa kiume ambaye hata hajazaliwa, na wazao wa huyo. Wadhamini wanasimama katikati kuilinda. Humo humo imepangwa posho ya mjane, na mafungu ya fedha kwa mabinti na wana wadogo wa kiume, yakilipwa kutokana na ardhi ile ile. Bwana wa namna hii hawezi kuuza, wala hawezi kuiandika ardhi kwenye wasia wake, kwa sababu si yake. Wasia wake utakuta una saa, farasi, vitabu na pete, ukadhani alikuwa mtu wa kawaida.

Lakini kamba haikuruhusiwa kuwa ya milele. Mwana akifika miaka 21, yeye na baba yake waliweza kuifungua pamoja. Hapo ndipo baba humwita: tia saini tufunge upya kwa kizazi kijacho, nami nitakupa posho kuanzia leo. Kijana asiye na senti mfukoni hutia saini. Ndivyo mashamba makubwa yalivyokaa mikononi mwa koo zile zile, kizazi baada ya kizazi.

Shakespeare naye alijaribu kufunga kwa wasia. Sehemu kubwa ya ardhi yake, pamoja na nyumba ya New Place, alimpa binti yake mkubwa Susanna, kisha mwana wa kwanza wa kiume wa Susanna, wa pili, mpaka wa saba, kisha mjukuu Elizabeth, kisha binti mdogo Judith. Susanna hakupata mtoto wa kiume. Wana watatu wa Judith walikufa kabla ya mama yao. Elizabeth alikufa bila mtoto mwaka 1670, na kizazi kikakatika.

Aliyevuka mpaka zaidi ni mfanyabiashara Peter Thellusson, aliyefariki 1797. Aliagiza sehemu kubwa ya utajiri wake isiguswe, faida ijilimbikize mpaka wafe wanawe, wajukuu na vitukuu waliokuwa hai. Bunge lilishtuka, likaweka mipaka mwaka 1800, ila wasia wenyewe ulisimama. Kesi ziliendelea mpaka 1859. Gharama za korti na uendeshaji zilikuwa zimekula mno, na hazina ile kubwa aliyoiota haikuonekana.

Wasia uliandikwaje, na nini kiliuharibu? (Mwanafunzi wa sheria, Nairobi)

Ulianza na "Kwa jina la Mungu, Amina", kisha jina, kijiji na cheo, kisha tamko kwamba mwili ni mgonjwa lakini akili ni timamu. Maneno hayo yalikuwa na kazi: wasia wa asiye na akili timamu haufai. Roho ilikabidhiwa kwa Mungu, mwili kwa ardhi ya kanisa la parokia. Zikafuata zawadi kwa maskini (Shakespeare alitoa pauni 10 kwa maskini wa Stratford, mji wake), urithi wa kila mmoja, fedha za pete za ukumbusho kwa marafiki, ambazo kwake zilikuwa shilingi 26 na peni 8 kwa kila mmoja wa waigizaji wenzake watatu. Mwisho ni "yote yaliyobaki" kwa mtu fulani, majina ya wasimamizi, saini na mashahidi. Kifungu cha yaliyobaki ndicho cha kukisoma kwanza, maana mara nyingi ndipo palipo na utajiri.

Makosa sasa. Tangu 1677 wasia wa ardhi ulihitaji mashahidi watatu au zaidi; wa vitu haukuhitaji hata mmoja. Mtu aliyeandika karatasi moja kwa vyote mbele ya mashahidi wawili alijikuta nusu ya wasia wake ni halali na nusu ni batili: vyombo vilikwenda alikotaka, shamba likaenda kwa mwana wa kwanza. Mashahidi walipaswa kutia saini mahali ambapo mwenye wasia angeweza kuwaona. Katika kesi ya Casson dhidi ya Dade ya 1781, mama mmoja alikuwa amerudi kuketi garini kwa sababu ya joto la ofisini. Farasi walilirudisha gari nyuma, dirisha lake likatazamana na dirisha la ofisi ya wakili, naye angeweza kuona. Wasia ulipona kwa hatua hizo chache za farasi.

Shahidi aliyeachiwa kitu alikuwa hatari zaidi. Kabla ya sheria ya 1752 aliweza kuangusha wasia wote wa ardhi. Baada yake alipoteza zawadi yake tu na wasia ukabaki.

Kosa lililowanasa wengi zaidi lilikuwa la tarehe. Wasia wa ardhi ulishika ardhi aliyokuwa nayo siku ya kuandika, basi. Shamba alilonunua wiki iliyofuata halikumo, hata kama aliandika "ardhi yangu yote". Dawa ilikuwa kuandika nyongeza mbele ya mashahidi watatu kila baada ya kununua. Na aliyeandika "nampa John shamba langu" bila kuongeza "na warithi wake" alijiweka hatarini: korti isipoona nia nyingine, John alipata kulitumia kwa uhai wake tu. Ardhi iliyoshikwa kwa kuandikishwa tu kwenye daftari la korti ya lodi, yaani bwana mkubwa wa eneo, nayo ilitaka hatua ya ziada: mwenyewe airudishe kwanza kwa lodi "kwa matumizi ya wasia wangu". Sharti hilo liliondolewa 1815. Wema pia ulikuwa na mtego: tangu 1736 mtu hakuweza kuipa shule au hospitali ya hisani ardhi kwa wasia, ilikuwa lazima hati iandikwe angalau miezi 12 kabla ya kufa.

Sheria ya 1837, iliyoanza Januari 1, 1838, ilisafisha mengi ya haya: mashahidi wawili walio pamoja kwa mali ya aina zote, ardhi iliyonunuliwa baadaye ikawamo, na umri wa kuandika wasia ukawa miaka 21. Mashahidi wawili wa sheria ya mirathi ya Kenya wana asili hapo.

Je, ni kweli baba alilazimika kumwachia mwana aliyemkataa shilingi moja?

Hapana. Sheria ya Uingereza haikudai hata peni. Shilingi iliandikwa ili asidai kwamba alisahauliwa.

Alipokufa, kazi ilianzaje? Na wenye kumdai? (Msomaji, Dodoma)

Msimamizi aliupeleka wasia kwenye korti ya kanisa, akaapa. Mwenye mali ya kuanzia pauni 5 katika dayosisi zaidi ya moja alikwenda kwenye korti ya askofu mkuu. Kwa matajiri wa kusini ni ile ya Canterbury iliyokaa London. Karani alinakili wasia kwenye rejista, akampa msimamizi nakala ya ngozi yenye muhuri. Kwa sheria ya 1529, ada kwa mali inayozidi pauni 40 ilikuwa shilingi 5.

Kisha majirani wawili au zaidi walipita chumba kwa chumba wakithamini vitu. Kwa kawaida walianza na mfuko wa fedha na nguo za marehemu. Nafaka iliyopandwa iliingia kwenye orodha. Majani ya malisho na matunda mtini hayakuingia, kwa kuwa yalihesabiwa ni ardhi. Ardhi yenyewe haimo kabisa, basi usipime utajiri wa mtu kwa orodha hiyo.

Maziko yalilipwa kwanza, kisha gharama za korti, kisha madeni kwa daraja zake, na zawadi za wasia mwisho. Uchungu uko hapa: mpaka 1833 deni la kawaida, kama la fundi cherehani au mwenye duka, halikuweza kuigusa ardhi ya muungwana isipokuwa yeye mwenyewe aliandika kwamba ardhi yake ilipe. Mwana alirithi shamba, fundi akakosa ujira wake. Kwa hiyo ukiona wasia unaagiza madeni yote yalipwe kutokana na ardhi, huyo alikuwa mwungwana kweli.

Nasoma London. Nina wasia wa Desemba 1700, na kitabu cha kanisa kinasema mwenyewe alizikwa Februari 1700. Maiti aliandikaje?

Hakuandika. Mpaka 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza Machi 25, hivyo Februari hiyo ilikuja miezi miwili baada ya Desemba. Kwa hesabu yetu ni 1701. Rejista za korti ya Canterbury, za 1384 hadi Januari 1858, zimo kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka huko Kew, kundi la PROB 11. Kati ya 1653 na 1660 tafuta humo humo hata kwa watu wa kaskazini, kwa sababu nchi nzima ilitumia korti moja ya London.

Ila rejista ni nakala safi ya karani. Kama wasia halisi upo (kundi la PROB 10, wa Shakespeare una namba yake, PROB 1/4), uombe huo. Kwenye nakala huoni kilichokatwa wala kilichochomekwa. Katika ule wa Shakespeare, "Januari" imekatwa ikaandikwa "Machi", na mstari wa kitanda cha mkewe umebanwa katikati ya mistari miwili, umeongezwa baadaye.