Jibu: Kusoma afya binafsi kwa masafa huku uko kazini
Dada, umeuliza mawili: kama zamu za usiku zitakuruhusu kusoma afya binafsi kwa masafa, na kama cheti chake kitakupa kazi zahanati.

Nianze na la pili: hapana. Kozi za bure za OpenLearn, tovuti ya Open University ya Uingereza, mwishoni unapewa karatasi ya ushiriki tu. Iweke kwenye wasifu wako, lakini si leseni ya kumdunga mtu sindano. Ukitaka shahada, nenda kaulize Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kilianzishwa 1992 kwa kazi hiyohiyo ya kufundisha kwa masafa na kina vituo mikoani.

Muda utapata. Mimi nilipakua masomo kwa PDF kwenye wifi ya ofisini, nikawa nasoma kwenye daladala data ikiwa imezimwa. Bando halikunisumbua, usingizi ndio ulinisumbua.

Ila somo hili usilikariri kama la mtihani, lijaribu nyumbani kwako. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanataka mtu mzima ale chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Jioni nikapima ninayotia kwenye maharage yetu ya watu wawili: vijiko vitatu! Na hapo viungo vya pakiti, ambavyo navyo vina chumvi, sijahesabu. Nilipopunguza, mume wangu alinuna wiki nzima.

Anza na kozi moja fupi, ya lishe au usingizi. Ukikwama kujisajili, uliza hapahapa.