Andika @Override, Ndugu Yangu

Jana usiku kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, klasi yangu imerithi vizuri, methodi nimeiandika upya, lakini inayoitika ni ile ya mzazi. Nimekosea wapi?" (Klasi ni kiolezo cha kitu ndani ya programu, methodi ni kazi ambayo kitu hicho hufanya; klasi mtoto hurithi methodi za mzazi na inaweza kuziandika upya.) Nilipoufungua msimbo wake moyo ulinipasuka. Kosa hilo nalijua. Liliwahi kuniliza.

Nilikuwa najenga mfumo wa mikopo wa SACCOS moja, kwa lugha ya programu ya Java. Klasi mzazi niliiita Mkopo, ndani yake methodi riba(double salio), asilimia 1.5 kwa mwezi. MkopoWaDharura ikarithi kila kitu, ila riba yake ni asilimia 1. Usiku ule, macho yamechoka, nikaandika riba(int salio); int ni namba nzima, double ni namba ya desimali. Kompaila, programu inayokagua na kutafsiri msimbo, ikanyamaza, maana kwa Java hizo ni methodi mbili zilizofanana jina tu. Mtoto hakubadili ya mzazi, kajiongezea yake pembeni.

Na niliijaribu! Niliunda MkopoWaDharura, nikauhifadhi kwa aina yake hiyohiyo, nikaingiza 200000, ikatoka 2000. Nikalala usingizi mzuri. Kumbe mwisho wa mwezi mfumo unapitia orodha ya mikopo yote, List<Mkopo>, na kwa aina ya Mkopo kompaila inaiona riba(double) peke yake. Wenye mikopo ya dharura wote wakatozwa riba ya kawaida. Mwalimu mmoja akaja na risiti ya 3000, nyuma yake kapiga hesabu kwa kalamu. Mwenyekiti akaniambia mbele ya kamati nzima, "Umetuibia." Pesa zilirudishwa. Neno lile bado ninalo.

Wewe unayetaka kula kwa kazi hii, andika @Override. Ni alama ya kusema methodi hii inaandika upya ya mzazi, na ipo tangu Java 5, mwaka 2004. Ukiiweka juu ya methodi, kompaila inatafuta kwa mzazi methodi yenye jina na vigezo vilevile. Isipoiona, inagoma papo hapo. Kwenye Kotlin, lugha nyingine ya programu, wameifanya lazima kabisa, na wamefanya jambo la maana. Iandike hata methodi ikiwa ya mstari mmoja. Iandike ukiwa na haraka, hasa ukiwa na haraka. Na unapojaribu, ita methodi kupitia klasi mzazi, kama mfumo wenyewe utakavyoiita.

Kijana nilimjibu: weka @Override juu ya methodi yako, kisha niambie kompaila inasema nini. Haikupita dakika tano, akanitumia picha ya mstari mwekundu.