Faili Halikufika: Nani Aamshwe Usiku?

Juma lililopita kijana mmoja wa kwetu Tanga, ambaye sasa anafanya kazi katika kampuni ya bima huko Minnesota, aliniandikia hivi: "Shikamoo kaka. Faili la usiku likikwama njiani, mwenye jukumu ni nani? Ni wataalamu wa mfumo, ni wapangaji wa ratiba, au ni wenye programu?" Nilimwitikia marahaba, kisha nikakaa kimya siku mbili kabla ya kumjibu, kwa sababu swali hilo liliwahi kunipatia barua ya onyo ambayo hadi leo nimeihifadhi.

Wakati huo nilikuwa mpangaji wa ratiba wa zamu ya usiku katika benki moja ya Ohio, nikisimamia kazi, yaani programu zilizojiendesha usiku kwa ratiba, kwenye kompyuta kuu ya IBM yenye mfumo wa z/OS. Mojawapo ilituma faili la mishahara, lile lenye mistari ya herufi 94 ambalo kila aliyewahi kushika malipo ya ACH, mtandao wa kuhamisha fedha kati ya benki nchini Marekani, analifahamu, kwenda kwenye seva ya malipo. Usiku wa Alhamisi moja kazi hiyo ilianza kwa wakati, ikaisha kwa wakati, na ikatoa namba 0, yaani salama. Niliweka alama kwenye orodha yangu nikaenda kunywa chai. Asubuhi wafanyakazi wa wateja wetu wawili waliamka wakakuta akaunti zao hazina kitu.

Nilipofungua maandishi yaliyoachwa na kazi ile ilipoendeshwa, nilikuta katikati yake mstari ulioanza na 530, ambalo ni jibu la FTP, chombo cha kuhamisha mafaili, lenye maana kwamba aliyebisha hodi hakuruhusiwa kuingia. Nywila ilikuwa imeisha muda wake, na maonyo yote ya kuisha kwake yalikuwa yametumwa kwenye barua pepe ya mzee aliyestaafu. Isitoshe, JCL, yaani maagizo ya kuendesha kazi hiyo, ilikuwa imenakiliwa kutoka kazi nyingine ya zamani na haikuwa na neno EXIT linaloiamuru FTP isimame ikikosea, kwa hiyo FTP ilikutana na kosa, ikaendelea na safari yake, na mwishowe ikaripoti 0 kana kwamba mzigo umefika.

Katika kikao cha mchana wataalamu wa mfumo walisema FTP haina tatizo, na walisema kweli. Wenye programu walisema faili lilitengenezwa sawasawa, nao pia walisema kweli. Nikabaki mimi, ambaye jina langu lilikuwa kwenye karatasi ya zamu.

Msimamo wangu tangu siku ile haujabadilika: mwenye jukumu la uhamishaji ni yule anayejua kilichomo ndani ya faili, yaani timu ya programu inayolizalisha. Mtaalamu wa mfumo atunze chombo, vyeti na ruhusa za RACF, mlinzi wa usalama wa kompyuta kuu; mpangaji wa ratiba atunze saa na utaratibu wa kazi kufuatana; lakini faili lenyewe, tangu linapoandikwa hadi upande wa pili utakapothibitisha kulipokea, liwe na mwenyewe mwenye jina na namba ya simu. Najua wapo watakaosema kwamba nasema hivi kwa uchungu wa ile barua, na sitakana kwamba uchungu upo.

Hata hivyo, tazama mfano huu ambao hauhusiani na barua yangu. Programu za lugha ya COBOL hupenda kufunga tarakimu mbili katika baiti moja, hivi kwamba kiasi cha 12,345 hukaa katika baiti 3 tu, na ya mwisho huwa 5C, yaani tarakimu 5 na alama C ya namba chanya. Katika EBCDIC, msimbo wa herufi wa kompyuta kuu, hiyo 5C ni alama ya kinyota. Ukituma faili hilo kama maandishi ya kawaida, FTP kwa nia njema kabisa hutafsiri kinyota cha EBCDIC kuwa kinyota cha ASCII, msimbo wa seva za kawaida, ambacho ni 2A, na tarakimu yako ya 5 imekwisha kuwa 2. Hakuna kosa litakaloonyeshwa mahali popote. Mtaalamu wa mfumo atajuaje kwamba safu ile ilikuwa ya fedha na si ya majina? Anayejua ni aliyeandika programu, na ndiye anayepaswa kuamua kama faili lisafiri bila kutafsiriwa.

Benki ile baadaye iliacha FTP ikahamia Connect:Direct, ambayo wakongwe bado huiita kwa jina la zamani NDM, na ni chombo kizuri cha kuhamisha mafaili kinachoweza kuendelea kutoka pale kilipokatikia. Wakubwa walidhani suala limekwisha. Mdogo wangu, chombo hakijui kama faili tupu ni msiba au ni jambo la kawaida! Andikeni jina la mwenye faili. Wekeni EXIT. Hesabuni mistari iliyotoka na mistari iliyofika. Kisha rudini mwandike jina la mwenye faili, kwa sababu ndilo mtakalosahau.

Mimi mwenyewe sasa niko katika timu ya programu, na namba iliyoandikwa kando ya faili la malipo ni yangu. Oktoba iliyopita simu iliita saa tisa usiku, na kijana wa zamu, sauti ikimtetemeka kama yangu ya zamani, akaniambia kwamba faili limekwenda na mistari 0. Nilimuuliza jana ilikuwa siku gani. Ilikuwa Jumatatu ya Columbus, siku ambayo Benki Kuu ya Marekani hufunga, na hapakuwa na malipo ya kutuma. Nilimwambia aliache lipite, nikarudi kulala hata taa sikuiwasha.